Hotuba kwa Wenye Motokaa Kuukuu: Debe la Maji Si Dawa



Leo tumekusudia kusema nanyi habari ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni maji yazungukayo ndani ya injini ya motokaa. Twajua kwamba katika wilaya zetu motokaa nyingi ni kuukuu, na ndizo zichukuazo mahindi yetu sokoni na wagonjwa wetu hospitali. Basi afya ya motokaa hizo si shauri la mwenyewe peke yake, bali ni shauri la watu wote wazitegemeao.

Kwanza tutaungama kosa letu. Tulikuwa na Land Rover ya namna ya Series III. Namna hiyo ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985, kwa hiyo hata zilizo za mwisho zimekwisha kuzeeka. Kwa muda wa mwaka mzima tulipanda nayo mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto, na kila safari ilichemka. Dawa yetu ilikuwa debe. Tulisimama penye kijito, tukateka maji, tukatia, tukaenda zetu, tukajiona mafundi. Siku moja tulichukua mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Injini ikachemka kabla hatujafika nusu ya njia, nasi kwa haraka tukamimina maji baridi katika chuma kilicho moto kama jiko. Kichwa cha injini kikapasuka. Yule mama alikaa kando ya njia muda wa saa mbili, hata lilipotokea lori likamchukua. Alijifungua salama, lakini tulijua kwamba salama hiyo ilitoka kwa Mungu, haikutoka kwetu. Tangu siku ile tumejifunza haya tunayotaka kuwaambia.

Yafaa tujue kwanza kazi ya maji hayo. Petroli iungapo ndani ya silinda, kadiri ya thuluthi moja ya joto lake huingia katika maji yaliyozunguka silinda. Pampu huyasukuma maji hayo mpaka kwenye rejeta, nayo hushuka katika mirija myembamba huku upepo wa feni ukipita katikati, yakapoa, yakarudi tena. Katika Land Rover tuliyoitaja maji yote yapata lita 10 tu, nayo huzunguka pasipo kupumzika.

Sasa tazameni birika la chai lililotumika miaka mingi kwa maji ya kisima. Ndani yake mtaona ukoko mweupe, mgumu kama chokaa. Maji yachemkapo, mvuke hutoka peke yake, chumvi na udongo hubaki. Ndivyo ilivyo katika injini. Kila debe la maji ya mto tulilotia lilileta udongo na chumvi kidogo; maji yakatoka kwa mvuke, uchafu ukakaa. Juu ya hayo, chuma cha injini chenyewe hupata kutu, na kutu hiyo huchukuliwa mpaka katika mirija ya rejeta ikaiziba. Ukoko nao ni kama blanketi juu ya chuma: joto halipiti upesi. Kumbe debe lile tulilodhani ni dawa ndilo lililokuwa likilisha ugonjwa! Kadiri ilivyochemka tulitia, na kadiri tulivyotia ilizidi kuchemka.

Basi tiba ni kusafisha, na kazi yenyewe ni hii. Ngojeni injini ipoe kabisa, yaani mkono ukae juu ya rejeta pasipo kuungua. Msifungue kifuniko cha rejeta yenye moto hata kidogo, maana maji yaliyobanwa ndani huruka kwa nguvu, na watu wengi wamebabuka uso na mikono kwa kosa hilo. Ikiwa injini imechemka njiani, izimeni, mkae kivulini. Na ikiisha kupoa, ndipo mtie maji, polepole.

Iliyopoa, fungueni mahali pa kutolea maji chini ya rejeta na ubavuni mwa injini, mkakinge maji yote katika chombo. Kisha tieni maji safi pamoja na dawa ya kusafishia rejeta iuzwayo dukani, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya kopo, wala msizidishe. Iendesheni injini kwa muda ulioagizwa, iacheni ipoe, mkaimwage.

Hapo ndipo iliyo kazi kubwa. Ondoeni rejeta, igeuzeni juu chini, mkapitishe maji ya mpira kinyume cha njia yake ya kila siku, yaani yaingie kwa tundu la chini na kutokea kwa tundu la juu. Uchafu uliosukumwa ukakwama kwa upande mmoja hutoka upesi ukisukumwa kwa upande wa pili. Mtaona maji mekundu kama udongo wa mfinyanzi. Msiache mpaka yawe meupe. Nguvu ya maji isiwe kubwa mno, maana mirija mikuukuu yaweza kupasuka. Fanyeni vivyo hivyo kwa injini yenyewe, baada ya kuondoa themostati. Tena safisheni mapezi ya rejeta kwa nje, kwa kupuliza maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwani mbegu za majani, wadudu na matope huzuia upepo.

Mkitaka kujua kama bado mirija imeziba, irudisheni rejeta, ipasheni injini moto, izimeni, mkapapase uso wa rejeta kwa hadhari. Penye baridi hapapiti maji. Mahali hapo pakiwa pengi, ipelekeni kwa fundi wa rejeta aifumue kwa moto, aichokoe mirija, kisha ailehemu tena. Msitie mayai wala dawa ya kuziba matundu, kwa sababu kile kizibacho tundu la nje huziba na mrija wa ndani.

Tumetaja themostati. Hiki ni kilango kidogo kifungukacho maji yakipata moto wa kadiri yake. Mafundi wengi hukitoa na kukitupa, wakisema kwamba kinazuia maji. Hilo ni kosa. Injini ikikosa kilango hicho hukawia kupata moto, hula petroli nyingi, na silinda zake huchakaa upesi. Kipimeni ninyi wenyewe. Kifungeni kwa uzi, kitumbukizeni katika sufuria ya maji jikoni pasipo kugusa chini, mkatazame kwa kipimajoto. Kama hakifunguki kwa digrii zilizoandikwa juu yake, nunueni kipya.

Kadhalika kifuniko cha rejeta si kama kifuniko cha chungu. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,700, huchemka kwa digrii 94 hivi. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke upesi. Kikibana kwa ratili 10 katika kila inchi mraba, kiwango cha kuchemka hupanda kiasi cha digrii 15. Basi wenye kukaa milimani wakifungia rejeta kwa tambara na kipande cha mti, wamejinyima msaada huo palepale wanapouhitaji mno.

Tazameni pia mipira ya maji: iliyolainika kama ndizi mbivu au kupasukapasuka ibadilishwe yote. Mkanda wa feni usilegee. Na chini ya pampu mna tundu dogo. Likidondosha maji, pampu imekwisha, wala msilizibe tundu hilo.

Mwisho ni maji ya kurudishia. Ni bora kutia maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu na dawa ya rejeta. Wako wasemao kwamba dawa hiyo ni ya nchi za barafu. Ni kweli huzuia maji yasigande, lakini pia huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na hayo mawili twayahitaji sana sisi. Dawa ya zamani ya rangi ya kijani ibadilishwe kila miaka 2. Kama dawa imekosekana, maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima au ya mto, ila hayazuii kutu. Mtiapo, ielekezeni pua ya motokaa juu kidogo, mtie polepole, kifuniko kikiwa wazi, injini ikienda taratibu, ili pepo iliyomo itoke.

Lakini angalieni sana! Dawa hiyo ina utamu, nayo ni sumu. Mtoto au mbwa akiilamba aweza kufa. Ile ya kale mliyoikinga msiimwage mtaroni wala karibu na kisima, wala msiiweke katika chupa ya soda. Ifungeni katika chombo chenye alama, mbali na watoto, mpaka mpate mahali panapopokea taka za namna hiyo.

Ndugu zetu, kazi yote hii ni ya siku moja, au mbili kama fundi wa rejeta ana watu wengi. Tulipoimaliza sisi, baada ya kununua kichwa kingine cha injini kwa fedha nyingi, gari lile lile lilipanda mpaka Lushoto bila kusimama, na debe likabaki tupu nyuma. Tungaliifanya mwaka mmoja mbele, yule mama asingalikaa kando ya njia. Motokaa ichemkayo mara moja imetoa habari. Ichemkayo kila siku inalia. Msiinyamazishe kwa debe. Itazameni ndani, nayo itawafikisha, ninyi na wale waliojitia mikononi mwenu.