Msumeno Mpya na Meza Ndogo: Hotuba Iliyosomwa Katika Mkutano wa Mwaka, Bondo



Halmashauri imenitaka niseme juu ya msumeno wa meza ulionunuliwa kwa fedha za chama, na juu ya zile meza ndogo za kando ya viti, ambazo mafundi huziita stuli, zilizochaguliwa kuwa kazi yake ya kwanza. Nitasema pia neno ambalo huenda lisiwapendeze wote, nalo ni juu ya kuikodisha mashine hii.

Kununua chombo kwa michango si jambo geni kwetu. Marehemu Jaramogi Oginga Odinga, mwana wa Bondo, alipoanzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, mtaji ulitoka katika hisa za watu wa kawaida. Na zamani zaidi, katika Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, iliyokuwa chini ya uongozi wa Arkidikoni Owen tangu mwaka 1923, wanachama walihimizwa kupanda miti na kuchimba vyoo. Agizo lile la miti linatuhusu hata leo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na mwenye migrevilea yake mpakani mwa shamba ndiye aliyepumua. Kwa meza hizi yatufaa pia mabaki ya mbao za mashua kutoka Usenge na fuo nyingine, maana kipande kilicho kifupi mno kwa mashua ni kirefu vya kutosha kwa mguu wa stuli.

Wengi hudhani kwamba msumeno wa mashine hutengeneza meza. Sivyo. Kazi yake ni kutoa vipande vilivyo sawa, basi. Fundi wa msumeno wa mkono hupima kila mguu peke yake, kisha hutumia nusu siku kwa randa akisawazisha alichokosea mkono. Kwa mashine, bapa la kuongozea likiisha kukazwa sentimita 4 kutoka kwenye jino, miguu yote 40 ya meza 10 hupasuliwa kwa kipimo kimoja, na rula haiguswi tena. Kwa hiyo hapana faida ya kutengeneza meza moja moja. Anayeligeuza bapa kila mara kwa ajili ya meza moja hupoteza kile hasa tulichokilipia. Urefu nao huwekwa kwa kizuizi kilichofungwa mahali pake, ili kila mguu utoke na sentimita 50 kamili. Ndimi na matundu yake bado ni kazi ya patasi na ya mtu mwenye subira.

Mashine, hata hivyo, haikaushi mbao. Mafundi wa kale walikadiria mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene, na wateja wetu wasiharakishwe kupita hapo. Hata mbao kavu hupanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, tena kwa upana wake, wala si kwa urefu. Ukiukaza uso wa meza kwa skrubu pande zote kama sanduku, utapasuka katikati. Tundu la skrubu lirefushwe kidogo kufuata upana wa mbao, nao uso upate nafasi ya kwenda na kurudi. Nimeona meza nyingi nzuri sebuleni zenye ufa, na mwenye nyumba akiulaumu mti.

Sasa nafika kwenye lile neno. Kisu cha upana wa sentimita 25 kikizunguka mara 4,000 kwa dakika moja, jino lake husafiri zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Mkono hauna mwendo wa kuliepuka. Nyuma ya kisu kimesimama kipande chembamba cha chuma, kinachozuia ubao uliopasuliwa usifumbe na kukibana kisu. Ubao ukikibana, hurushwa nyuma kumwelekea aliyeusukuma, na mara nyingi huuvuta mkono wake kwenye jino. Kipande hicho pamoja na kifuniko cha juu ndivyo vitu vya kwanza kuondolewa na fundi mwenye haraka, kwa sababu humzuia kuona mstari. Hapa visiondolewe. Ubao mwembamba usukumwe kwa kijiti, wala si kwa vidole. Na kipande kifupi kisikatwe kikiwa kimebanwa kati ya bapa na kisu.

Yako mambo mawili ambayo muuzaji hayataji sana. Umeme wetu hukatika, kisha hurudi bila kubisha hodi. Mashine yenye swichi ya kawaida huanza kuzunguka yenyewe wakati kijana ameinama akifagia unga wa mbao. Lazima tuifunge swichi ile inayobaki imezimika mpaka mtu aibonyeze tena. La pili ni unga wenyewe, hasa wa mvule, ambao huwasha ngozi na kubana kifua. Barakoa na dirisha lililo wazi vihesabiwe katika gharama za kazi.

Kwa hiyo pendekezo la kuikodisha mashine kwa siku, kwa yeyote mwenye fedha, mimi silikubali. Najua lingeleta mapato upesi, na najua mkopo wa ununuzi haujamalizika. Lakini mwenye kukodi kwa siku hukimbizana na jua, na kifuniko hung'olewa kabla ya adhuhuri. Badala yake, mwenye mbao na azilete, apasuliwe na vijana wetu wawili waliofundishwa, naye alipe kwa kila futi. Mapato yatakuja polepole zaidi. Kijana wa miaka kumi na minane akipoteza vidole viwili, hakuna mfuko wa chama hiki utakaomrudishia.

Hoja hii itapigiwa kura baada ya hesabu za mweka hazina. Mpaka hapo, ufunguo wa chumba cha mashine uko kwa karani, na meza mbili za mfano zimewekwa mlangoni. Zitikiseni, zipindueni, mtazame chini yake jinsi uso ulivyofungwa.