Kipindi cha 14: Mboga, Wimbi na Maharagwe kwa Mgonjwa wa Utumbo

(Muziki wa kufungua. Unashushwa polepole.)

 Iwe uko Keroka ukipanga mboga zako sokoni, au uko Nyamira umetoka kuchuma majani chai, au uko Suneka na Ogembo ukiwasha moto wa jikoni, karibu tuzungumze. Kama una daftari na kalamu, viweke karibu. Leo tutavihitaji.

Mada yetu leo ni chakula chenye nyuzinyuzi kwa mtu mwenye ugonjwa wa utumbo kuvimba.

Tuanze na mfano. Tuseme kuna mama mwenye binti wa miaka 19. Kwa miezi mingi binti anaendesha, na mara nyingine choo kina damu. Amekonda, nguo zinamning'inia. Alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akapewa dawa ya minyoo, na bado. Mwishowe alipelekwa hospitali kubwa, utumbo ukaangaliwa kwa kamera ndogo, akaambiwa ana ugonjwa wa Crohn. Akapewa dawa, akarudi nyumbani.

Sasa vita vikaanza jikoni. Nyanya anasema, "Mpe mjukuu wangu chinsaga na obokima bwa wimbi. Hicho ndicho chakula kilichotulea." Jirani naye anasema, "Huyo asiguse mboga wala maharagwe tena maisha yake yote. Yatamkwaruza tumbo." Mama amesimama katikati, mwiko mkononi, hajui amsikilize nani.

Mpendwa msikilizaji, wote wawili wana sehemu ya ukweli. Na ushauri wa yeyote kati yao unaweza kumuumiza binti huyu, ukifuatwa bila kuangalia utumbo wake uko katika hali gani. Hilo ndilo ninalotaka ulibebe leo.

UTUMBO KUVIMBA NI NINI?

Sisemi tumbo kujaa gesi. Sisemi pia vidonda vya tumbo vile tunavyovijua, vya kuchomwa na asidi. Nasema ukuta wa utumbo wenyewe unavimba na kuchubuka kwa sababu kinga ya mwili imegeuka na kuushambulia. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ingawa hupenda sana mwisho wa utumbo mdogo. Umeitwa hivyo kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa Marekani, ambaye yeye na wenzake wawili waliueleza mwaka 1932. Aina ya pili hushika utumbo mpana peke yake na kuufanya utoke vidonda na damu.

Ugonjwa huu hauambukizi. Si urogi, wala si jicho la mtu. Ni wa muda mrefu. Unaweza kulala kwa miezi au miaka, kisha ukaamka. Dawa ndizo zinazoulaza. Chakula ni msaidizi wa dawa, hakichukui nafasi yake.

NA NYUZINYUZI NI NINI?

Ni ile sehemu ya chakula cha mimea ambayo matumbo yetu hayawezi kuisaga. Ziko za namna mbili. Kuna nyuzinyuzi laini, ambazo zikikutana na maji huwa kama uji mzito. Hizi ziko kwa wingi katika shayiri, karoti, malenge, viazi vitamu vilivyomenywa, papai na ndizi mbivu. Halafu kuna nyuzinyuzi ngumu, zisizolainika kwa maji: maganda ya mahindi, pumba za wimbi, mashina ya sukuma wiki, mbegu za mapera, makapi ya miwa. Vyakula vingi, kama maharagwe na parachichi, vina zote mbili.

Kwa nini tuzitake? Katika utumbo mpana wanaishi bakteria wazuri. Wao hula nyuzinyuzi na kutoa kitu kiitwacho butireti, na butireti ndiyo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo huo. Ukimnyima mtu nyuzinyuzi miaka nenda miaka rudi, unawanyima wale bakteria, na ukuta wa utumbo nao unalala njaa.

Hapa nyanya hakukosea. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na baadaye akafanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa machache kwa watu wa vijijini huku kwetu. Katika miaka ya 1970 alizunguka akifundisha kwamba sababu moja kubwa ni chakula kisichokobolewa. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Lakini angalia. Ushauri huo ni wa mtu ambaye utumbo wake ni mzima. Utumbo uliochubuka ni kama goti lenye kidonda kibichi. Goti hilo litakuja kulima tena, ila si leo. Kwa hiyo kabla ya kupakua, jiulize: mgonjwa wangu yuko katika hali gani kati ya hizi tatu?

HALI YA KWANZA: UGONJWA UMEAMKA

Anaendesha mara nyingi, ana maumivu, pengine damu. Wakati huu punguza nyuzinyuzi ngumu kwa muda. Mpe viazi au ndizi za kupika zilizoiva hadi zikapondeka, wali, mayai, kuku, samaki asiye na miiba, malenge yaliyopondwa, papai, ndizi mbivu. Uji wa wimbi anaweza kunywa, ila unga uchekeche kwa chekeche la matundu madogo, pumba zibaki juu. Usimnyime wimbi kabisa, kwa sababu gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu, na dawa nyingine za ugonjwa huu hupunguza nguvu ya mifupa.

Mpe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Akiendesha sana, anywe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha.

HALI YA PILI: UGONJWA UMELALA

Choo kimetulia, maumivu yameisha, uzito unarudi. Hapa ndipo akina mama wengi tunapokosea. Tunaendelea kumpa wali na chai kwa kuogopa, mwaka unapita, mtoto hana damu wala nguvu. Hapana. Wakati huu nyuzinyuzi zinarudi, polepole, kwa wiki kadhaa.

Anza na zile laini. Kisha mboga za majani. Chinsaga, managu na mchicha zichambue vizuri, mashina utupe, ubakize majani machanga. Zikate ndogo, uzipike hadi zilainike. Ile desturi yetu ya kuipika chinsaga taratibu na kuilaza na maziwa inamfaa mgonjwa, mradi maziwa hayamsumbui. Yakimsumbua, jaribu maziwa lala, kwa maana wengi huyavumilia zaidi.

Baada ya hapo, maharagwe. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe hadi yapondeke kwa vidole. Kwa mara za kwanza yaponde, uyapitishe kwenye chujio ili maganda yabaki. Nusu kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 6 hivi za nyuzinyuzi. Nusu parachichi kinakaribia kiasi hicho hicho. Unaona? Gramu 25 zinafikika hapa hapa shambani kwetu, bila kununua kitu cha kopo. Na kila unapoongeza nyuzinyuzi, ongeza na maji ya kunywa.

HALI YA TATU: UTUMBO UMEKUWA MWEMBAMBA

Kwa wagonjwa wengine, hasa wa Crohn, kidonda kikipona huacha kovu, na kovu hubana njia. Mgonjwa anaweza kujisikia mzima, lakini njia imekuwa kama mlango wa kuku. Chakula chenye nyuzi ndefu kinaweza kukwama hapo. Huyu asitafune miwa, asile githeri yenye maganda, mahindi ya kuchoma, njugu nzima, mapera na mbegu zake, wala nyama ya machungwa pamoja na ngozi zake. Mboga na matunda bado anaweza kula, yakiwa yamemenywa, yamepikwa na kupondwa. Muulize daktari wazi wazi: "Je, utumbo wa mtoto wangu una mahali palipobana?" Una haki ya kuuliza, na jibu lake ndilo litakaloongoza jikoni yako.

KILA MTU NA TUMBO LAKE

Hata ndani ya hali moja, wagonjwa wawili hawafanani. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya watafiti wa Kanada yaliyoonyesha kwamba aina fulani ya nyuzinyuzi, ile iliyomo katika vitunguu, vitunguu saumu na ngano, inaweza kuchochea uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa ambao bakteria wao hawawezi kuisaga. Kwa wengine haina neno. Kwa hiyo usichukue orodha ya mgonjwa wa Kebirigo ukampa wako wa Suneka.

Sasa chukua daftari. Kila siku andika: tarehe, alichokula, kiasi, kilivyopikwa, ameenda choo mara ngapi, na kama kulikuwa na maumivu au damu. Kila wiki andika uzito. Chakula kipya kiingie kimoja tu kwa wakati, vijiko viwili vya mezani, kwa siku 3. Kikimkubali, ongeza. Kikimkataa, kiache, ukijaribu tena baada ya wiki chache kikiwa kimepikwa laini zaidi. Daftari hilo uende nalo kliniki. Litamsaidia daktari na mtaalamu wa lishe kuliko kusema tu, "Chakula kinamsumbua."

Na usimpikie kama mgeni. Sufuria iwe moja. Pika mboga za nyumba nzima ziwe laini, pakua yake, ukaiponde. Ale na wenzake. Mtoto anayekula peke yake pembeni hukosa hamu, na tunataka ale.

MAMBO YA HATARI

Mkimbize hospitali mara moja ukiona haya: tumbo kufura na kukaza huku akitapika na hapati choo wala hewa kutoka, damu nyingi, homa kali pamoja na maumivu ya tumbo, au kizunguzungu cha kuishiwa maji.

Asimeze dawa za maumivu kama dikilofenaki au ibuprofeni bila daktari kukubali, kwa sababu zinaweza kuuamsha ugonjwa. Asiache dawa zake kwa kuwa amepata nafuu.

Na wewe ambaye mgonjwa wako anaendesha kwa zaidi ya wiki 4, au choo kina damu, na hujapata jibu, usinunue tena dawa ya amiba dukani. Nenda kituo cha afya, uombe apelekwe hospitali ya rufaa, kama ile ya Kisii au ya Nyamira. Kifua kikuu cha utumbo kinaweza kufanana kabisa na ugonjwa wa Crohn, na ni lazima kichunguzwe kabla ya kuanza dawa za kutuliza kinga ya mwili.

TUKUMBUKE

Ugonjwa ukiamka, lainisha na upunguze. Ukilala, rudisha polepole. Njia ikibana, menya, pika, ponda. Andika daftari. Dawa ziendelee.

Na yule mama wetu wa mfano? Anaweza kumwambia nyanya, "Mama, chinsaga yako atakula, tusubiri tumbo litulie." Na jirani amwambie, "Asante dada, kwa sasa hali mboga, lakini si milele." Hapo vita vya jikoni vimekwisha, na binti ana sahani yake.

Mimi ni mhudumu wenu wa afya. Hadi kipindi kijacho, mbaki salama.

(Muziki wa kufunga.)