Mzigo wa Nishati Haubebwi na Mpagazi Mmoja

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Tabora)



Tangu Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani kule Namtumbo, mkoani Ruvuma, wengi wanauliza: je, umeme wa nyuklia utatufaa?

Babu zetu Wanyamwezi walipobeba mizigo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, waligawana. Mmoja akiugua njiani, msafara uliendelea. Umeme nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa, nchi nzima iliingia kwenye mgawo. Gesi ya Songo Songo na Mtwara imesaidia. Lakini sasa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linatufanya tuegemee tena mvua, na mto mmoja, Rufiji.

Hapo nyuklia ina sifa yake. Haingoji mvua, wala kinu chake hakitoi moshi. Afrika Kusini inatumia kituo cha Koeberg tangu 1984. Lakini ujenzi huchukua miaka mingi na fedha nyingi, na mabaki yenye mionzi hulindwa vizazi na vizazi. Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 zimetufundisha kutofanya mzaha na usalama. Kwa hiyo nyuklia inaweza kuwa mpagazi mmojawapo. Isiachiwe msafara wote.

Tukirudi kwetu Tabora, miombo inakatwa kwa ajili ya mkaa na kukaushia tumbaku, kuanzia Urambo hadi Sikonge. Nguzo ya umeme inasimama mlangoni, na mama bado anapika kwa mkaa. Kinu cha nyuklia hakitazima moto huo kesho. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Muda huo ni mfupi kuliko wa kupanga na kujenga kinu.

Basi naomba kila kamati ichague mzigo inaoumudu: majiko banifu, mabani ya tumbaku yanayotumia kuni chache, vitalu vya miti, au sola kwenye zahanati. Wafadhili wetu, msiiache mizigo hii midogo kwa kusubiri ule mkubwa. Misitu yetu haina muda wa kusubiri.