Udongo Tulioukuta na Udongo Tutakaouacha

Hotuba ya Katibu mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu, Lushoto, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Katika sherehe kama hii Katibu hutazamiwa kusoma hesabu. Lakini hesabu zimekwisha kusomwa na Mweka Hazina, nanyi mmezipigia makofi. Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti ruhusa nizungumze habari ya mali moja isiyoandikwa katika vitabu vyetu, ingawa ndiyo iliyozaa kila shilingi iliyoandikwa humo. Mali hiyo ni udongo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi si bwana shamba. Elimu yangu ilikomea kidato cha nne, na nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma, kwa kuuliza na kwa kushika jembe.

Mwezi uliopita mimi na wajumbe wawili wa Kamati tulichimba mashimo mawili. La kwanza tulilichimba katika kipande cha malisho, mahali ambapo wazee wasema hapajapata kulimwa tangu walipopata fahamu. La pili tulilichimba hatua ishirini tu kutoka pale, katika shamba la kabichi lilimwalo kila msimu. Mteremko ni ule ule, mvua ni ile ile, na mwamba ulio chini ni ule ule.

Katika shimo la malisho, juu kabisa tulikuta mkeka wa majani na mizizi. Chini yake palikuwa na udongo mweusi wenye kina cha zaidi ya shibiri moja. Ukiumega mkononi huvunjika punje punje kama makombo ya mkate, na ndani yake mna mizizi myembamba kama nyuzi na vijia vya nyungunyungu. Chini zaidi weusi ule uligeuka polepole kuwa wekundu, na wekundu ukaendelea hata tukachoka kuchimba. Katika shimo la shamba, weusi ulikuwa wa vidole viwili tu. Baada ya hapo wekundu ulianza ghafla, tena mgumu, kama sakafu iliyopigwa na jembe miaka mingi.

Kisha tulimwaga kopo la maji juu ya ardhi, kando ya kila shimo. Penye malisho maji yalizama mara moja. Penye shamba yalisimama kidogo, yakajikusanya, yakaanza kushuka mteremko yakiwa mekundu. Tukachukua bonge moja la kila udongo tukalitia katika glasi ya maji. Bonge la malisho lilikaa zima na maji yakabaki maangavu. Bonge la shamba liliyeyuka mbele ya macho yetu likawa tope. Basi, ndugu zangu, daftari la mali hii ndilo hilo shimo. Kila mmoja wenu aweza kulisoma kwa jembe, kopo na glasi.

Yafaa tujiulize udongo huu uliumbwaje. Mwaka wa 1941 mtaalamu Hans Jenny alieleza katika kitabu chake kwamba udongo huumbwa kwa mambo matano: mwamba, hali ya hewa, viumbe hai, umbo la ardhi, na wakati. Mwamba wa milima yetu ni wa kale sana. Uliokwa na kubanwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita, ndiyo maana ukiutazama waona mistari ya rangi mbalimbali kama kitambaa kilichokunjwa. Mvua na joto huuozesha mwamba huo taratibu. Chembe zake laini hugeuka kuwa mfinyanzi, na chembe ngumu hubaki kuwa mchanga. Maji yapitayo huchukua chokaa na vyakula vingine vya mimea, na chuma hubaki. Chuma hicho hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo rangi nyekundu tuionayo toka Soni mpaka Mtae.

Wekundu huo ni dalili njema. Wamaanisha kwamba maji hayatuami na hewa huingia, kwa hiyo mizizi hupumua. Shuka bondeni, kwenye maji mengi, nawe utakuta udongo wa kijivu, kwa sababu chuma hakipati hewa. Jambo hili lilifunzwa ulimwengu kutoka milima hii hii. Katika miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara ya Mashariki, alikuwako mtaalamu aliyeitwa Geoffrey Milne. Yeye alitambua kwamba udongo wa kilele, wa mteremko na wa bonde si vitu vitatu vilivyotengana, bali hufuatana kama pete za mnyororo mmoja. Akauita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na mpaka leo wataalamu wa udongo duniani hulitumia. Nawaomba mliweke moyoni neno hilo, maana nitalirudia.

Walakini, udongo upitishao maji una hatari yake. Maji yale yale yanayouacha upumue ndiyo yanayouibia chakula. Utajiri wetu basi haumo katika wekundu, hata kama unashuka kina cha watu wawili. Umo katika weusi wa juu, yaani mboji, itokanayo na mimea iliyooza. Mboji hushika maji kama sifongo na hushika chakula kisichukuliwe na mvua. Ikiisha, hata mbolea ya chumvichumvi tunayoinunua kwa fedha nyingi haina mahali pa kushikwa. Nyingine huenda na maji, na fosforasi yake hunaswa na chuma cha udongo, mmea usiipate.

Wajerumani walijifunza jambo hili kwa hasara. Katika miaka ya 1890 walifyeka misitu mikubwa ya Usambara ya Mashariki wakapanda kahawa, wakidhani kwamba penye miti mirefu pana udongo tajiri. Kumbe utajiri ulikuwa ukizunguka baina ya miti na majani yaliyoanguka chini. Miti ilipoondoka, mzunguko ukakatika. Baada ya miaka michache mavuno yalipungua, na wengi wakaiacha kahawa ile.

Majani ya malisho hufanya kazi kwa namna nyingine. Mti huangusha majani yake juu ya ardhi, lakini nyasi huzika mali yake ndani, kwani kila mwaka mizizi mingi hufa na kuoza pale pale ilipo. Mizizi iliyo hai nayo huzifunga chembe za udongo zikawa punje, na baina ya punje maji hupata njia. Mrusi Vasily Dokuchaev aliandika mwaka wa 1883 habari za udongo mweusi wa nchi za nyasi za Urusi na Ukraine, ulioumbwa kwa njia hiyo mpaka ukawa na kina kikubwa. Tusijidanganye kwamba wetu ni sawa na ule. Kule baridi kali na mvua chache huihifadhi mboji, bali kwetu mvua ni nyingi na mboji huoza upesi. Lakini Lushoto ipo kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na ubaridi wake hutupa nafuu ambayo watu wa Mombo, kule chini, hawana. Weusi ule wa shibiri moja ni kazi ya mamia ya miaka. Jembe na mvua zaweza kuumaliza katika maisha ya mtu mmoja.

Hapa lazima niungame kosa langu. Nilipokabidhiwa shamba na mama yangu, lilikuwa na mistari mitatu ya majani ya Guatemala iliyokingama na mteremko, iliyopandwa zamani. Nami, kijana mwenye haraka, niliona nafasi inapotea. Niking'oa mistari miwili nikapata matuta kadhaa ya kabichi, na msimu ule nilipata fedha nzuri. Masika iliyofuata ilishuka mvua ya usiku mmoja. Asubuhi nilikuta shamba langu limechanwa mifereji, na udongo wangu mweusi umelala juu ya karoti za jirani yangu aliye chini, zote zimefukiwa. Jirani hakunitukana. Alisimama akatazama, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, huu ni udongo wako au ni wangu?" Mama yangu aliposikia alisema neno moja tu la Kishambaa, kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Ninyi mwajua uzito wa neno hilo. Kinyume chake ni kuzifya shi, kuiponya nchi, kazi ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa wajibu wa watawala wenyewe.

Najua kwamba maneno ya kuhifadhi udongo yana uchungu masikioni mwa wengine. Katika miaka ya 1930 nchi za nyasi za Marekani zilizolimwa bila hadhari zilipeperushwa na upepo kuwa mavumbi, na hofu ile ikawafikia watawala wa Kiingereza huku. Mwaka wa 1946 walianzisha mpango Mlalo, kisha wakaueneza milimani. Watu waliamriwa kuchimba matuta katika miteremko, na asiyechimba alitozwa faini. Kazi ile iliwaangukia hasa akina mama, waliokuwa na mizigo yao tayari. Watu wakakataa, na mpango ukavunjika kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulikuja mradi mwingine, SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani, ukashawishi watu kupanda miti, mistari ya majani na kufuga ng'ombe zizini. Mistari mingi tunayoiona leo ni ya wakati ule. Mingi pia imekwisha kung'olewa, kwa kuwa mashamba yamegawanywa kwa watoto, na kila mtoto ana haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Mjumbe mmoja aliniuliza juzi, "Katibu, mistari ya majani italipa ada ya shule?" Sikumjibu upesi, maana swali ni la haki. Mwaka wa kwanza mstari wa majani ni nafasi iliyopotea, na atakayewaambia vingine hawaambii kweli. Mwaka wa pili hulisha ng'ombe, naye hutoa maziwa na samadi, na samadi ndiyo mboji tuwezayo kuitengeneza wenyewe. Lakini hasara ile ya mwaka wa kwanza si haki ibebwe na mwenye shamba peke yake, kwa kuwa faida yake huipata pia yule aliye chini.

Ndiyo sababu Kamati inaleta mbele yenu azimio, mtakalolipigia kura kesho: kwamba sehemu ya ziada ya mwaka huu isigawanywe, bali inunue miche ya majani ya Guatemala na mabingobingo, igawiwe bure kwa wanachama; na kwamba mstari uliopo mpakani using'olewe ila kwa kukubaliana jirani wa juu na jirani wa chini. Hatuombi sheria wala faini. Njia hiyo ilikwisha jaribiwa, nanyi mwajua mwisho wake.

Sasa narudia lile neno la mnyororo. Milne aliona kwamba kilele, mteremko na bonde ni kitu kimoja. Maji ya shamba langu hayajui mpaka. Hupita kwako, hupita kwa mwenzako, huingia mtoni na kwenda Umba au Mkomazi. Mtu mmoja hawezi kuuponya mteremko peke yake, hata akiwa na bidii ya namna gani. Watu wa mteremko mmoja wakikubaliana, waweza. Sisi tuliungana miaka kumi iliyopita kwa kuwa kila mmoja peke yake alipunjwa bei. Kama tuliweza kukubaliana juu ya mizani, twaweza kukubaliana juu ya mistari ya majani.

Mashimo yale mawili hatujayafukia. Kesho, kabla ya kura, wajumbe wote wanakaribishwa kwenda kuyatazama. Kila mmoja ashuke, aguse udongo kwa mkono wake, ndipo aamue.