Kong'ony Kando ya Barabara

Mazungumzo ya mwalimu wa sanaa mbele ya wakazi wa Kapsoit



Nimeombwa niseme machache kuhusu hoja ya kuchora wanyama wetu kwenye masanduku ya chuma ya simu na umeme yaliyo kando ya barabara ya Kisumu. Wengine mmeniuliza, kwani tutakula picha? Ni swali la haki.

Kwa sasa masanduku hayo yamebandikwa mabango ya uchaguzi, tena ya watu walioshindwa zamani. Huko Brisbane, Australia, walianza kupaka rangi masanduku ya taa za barabarani mwishoni mwa miaka ya 1990, na wachoraji ni wakazi wenyewe. Sisi pia tuna mafundi. Tazameni matatu zetu na kuta za vinyozi.

Mimi ningeanza na kong'ony, korongo mwenye taji. Kuna koo za Kalenjin ambazo huyu ndiye ndege wao, hawamdhuru. Lakini tangu mwaka 2012 ameorodheshwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kuangamia. Hutaga mayai mawili au matatu kwenye kinamasi, nasi tumekausha vinamasi tukapanda mikaratusi ya kuni na nguzo. Akinusurika hapo, hugonga nyaya za umeme, maana mwili wake ni mkubwa na hawezi kukwepa upesi. Ndiyo sababu nataka picha yake ikae chini ya nyaya hizo hizo. Mtoto akiuliza, mzazi awe na la kumwambia.

Nilipofika hapo, mama mmoja alinikatiza. "Mwalimu, ukichora ndege mzuri kwenye sanduku la umeme, wangu atakwenda kumshika." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kwa hivyo nimebadili maoni: masanduku ya umeme tuyaache yalivyo, alama ya hatari ionekane wazi. Tuanze na ya simu, na ukuta wa soko.

Hata hayo ya simu si yetu, wala si ya kaunti. Kampuni yenye sanduku itoe kwanza idhini kwa maandishi. Kisha matundu ya hewa, kufuli na namba visipakwe rangi. Fundi akija usiku lazima aisome namba hiyo. Rangi nyeusi nayo tusiitumie kwa wingi, kwa kuwa huvuta joto la jua na mitambo iliyo ndani haipendi joto.

Mbega naye atapata nafasi yake. Bado yuko kwenye misitu ya mitoni katikati ya majani chai. Vijana, leteni michoro yenu kwenye karatasi kwanza, tuitazame pamoja.

Na yeyote anayejua kinamasi ambako kong'ony bado anataga, tafadhali anipeleke. Nimechoka kumchora kwa kutazama sarafu ya Uganda ya shilingi 500.