Amina Tuliyoisema Usiku Ule

Masomo yetu ni Marko 7, mstari wa 9 hadi wa 13, na 1 Timotheo 5, mstari wa 3 hadi wa 8. Yafungueni, mwache Biblia wazi, tutayarudia. Lakini tunaanza na jambo lililotokea kwetu wenyewe.

Katika moja ya makanisa yetu kuna mama mzee, koko wa wajukuu wengi. Alikimbia vita kijijini, akaja mjini kukaa kwa mtoto wake: vyumba viwili, watu tisa. Mtoto wake akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Koko akabaki na mke wa mtoto wake pamoja na watoto. Kisha mjukuu mmoja akashikwa na homa, akafa kwa siku mbili. Katika kesha la juma lile mtu mmoja akasimama, akasema ameonyeshwa kwamba katika nyumba ile kuna mzee anayekula watoto. Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kulitaja, nyumba ilikuwa na mzee mmoja tu.

Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tulikuwapo. Tulisema Amina pamoja na wengine.

Asubuhi vitu vyake viliwekwa nje: mkeka, bulangeti, sufuria moja na kitenge. Alilala siku tatu barazani kwa jirani. Jirani yule si wa kanisa letu, wala si wa kanisa lolote.

Ushahidi ulikuwa nini? Macho yake ni mekundu. Usiku anaamka na kusema peke yake. Tena alikutwa nje saa nane ya usiku, karibu na choo cha watu, hajui njia ya kurudi.

Jirani akampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi hakuonyeshwa kitu, aliuliza maswali tu. Mama huyu amepika kwa kuni tangu utoto wake, katika jiko lisilo na dirisha. Moshi wa miaka sitini hauachi macho meupe. Zaidi ya hayo, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji. Na kule kusema peke yake na kupotea usiku? Ubongo wa mtu mzee unaweza kushikwa na ugonjwa wa kusahau. Anasahau chakula alichokula asubuhi, anakumbuka mchezo wa utotoni. Jua likizama, mafujo yanaongezeka. Anatoka kuitafuta nyumba ya kijijini iliyoungua zamani. Si kila mzee anaupata, wala si malipo ya dhambi. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mtu huyo anasaidiwa na taa ndogo usiku, mlango wenye komeo, sauti ya upole na mkono wa kumshika. Kamba hazimsaidii. Kumnyima chakula na kusema anafungishwa ili pepo atoke, hilo ni kumwua polepole. Na yule mjukuu aliyekufa hakupimwa malaria. Alibebwa kwenye chumba cha maombi siku zote mbili.

Tunajua mtakavyouliza: je, Biblia haisemi kwamba uchawi upo? Inasema. Lakini haikumpa mtu kibali cha kuutafuta katika mikunjo ya uso wa mama yake. Tena Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba manabii wakisema, wengine wapime. Sisi hatukupima. Na neno lisilopimwa linaweza kumwaga damu. Mwaka 2021, hapa Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, wengi wao wazee, baada ya kuitwa wachawi. Walionyoosha kidole ni wanawake wanaojiita bajakazi, waliodai kwamba wana karama ya kuwatambua wachawi. Kidole chao na Amina yetu havikuwa mbali.

Wengine husema zamani wazee waliheshimiwa, ila vijana wa leo wameharibika. Hatukubali haraka hivyo. Kijijini mzee alikuwa na shamba, labda na ng'ombe. Yeye ndiye aliyegawa, na neno lake ndilo lililofunga ndoa. Mtu aliyemheshimu alikuwa pia anangojea fungu lake. Vita vikachukua ng'ombe, mji ukamweka mzee juu ya mkeka katika nyumba ya kupanga, na sasa hana cha kugawa. Ndipo inapojulikana kama tulimheshimu yeye au shamba lake. Na pale shamba lilipobaki, hasa la mjane, mkisikia ameitwa mchawi, ulizeni kwanza nani atalilima akiondoka.

Serikali ina neno lake. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mzee haki ya ulinzi wa pekee, na Sheria ya Jamaa inawadai watoto wawatunze wazazi walio katika uhitaji. Lakini ni koko gani atakayepanda tribinali kumshitaki mtoto aliyemzaa? Pensheni ya CNSS nayo inawafikia waliofanya kazi ya mkataba na kukatwa michango. Mama aliyeuza ndizi na sombe miaka arobaini hana karatasi ya kuonyesha.

Sasa Marko 7. Kulikuwa na watu waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni korbani, imekwisha kutolewa kwa Mungu. Yesu aliwakemea Mafarisayo na waandishi walioruhusu jambo hilo. Ndugu, sisi ni wapokeaji. Tumemwona mtu analeta mifuko ya simenti kwa ujenzi wa hekalu, tukapiga makofi na kumwekea mikono. Mama yake huko Kabare ananunua vidonge vya presha viwili viwili. Dawa hiyo inamezwa kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi. Ukiikatisha, presha inapanda bila kupiga hodi. Tungemwuliza yule ndugu kabla ya kushusha simenti: mama anakula nini? Hatukumwuliza. Simenti ilikuwa nzuri.

Nanyi watoto mlio Kampala, Nairobi au Kanada, mnatuma kwa simu, na Mungu awabariki. Lakini koko hajui kusoma mesaji. Dola hamsini zikipita mikononi mwa watu watatu zinafika kumi na tano, ninyi mnatujua. Mpigieni yeye mwenyewe, mwulizeni alichonunua.

Wazee wetu, msikubali kuambiwa kazi yenu imekwisha. Kalebu alikuwa na miaka 85 alipoomba apewe nchi ya milima. Tembeeni kila siku hata kama ni hadi kona ya avenyu. Maharagwe na sambaza si vya watoto peke yao, kuleni nanyi, chumvi ipungueni. Na shamba lenu liandikeni mbele ya mashahidi mkiwa na akili timamu, msingojee kitanda cha ugonjwa.

Paulo anamwambia Timotheo kwamba jamaa ya nyumbani ndiyo ianze kumtunza mjane, na asiye na mtu, kanisa limchukue. Mashemasi wameanza kuandika majina, avenyu kwa avenyu. Vijana watafanya salongo Jumamosi kwa wajane wawili ambao nyumba zao zinavuja. Aliye na mabati ya zamani ayalete.

Mama yule amerudi nyumbani kwa mtoto wake. Anakuja ibadani, anakaa karibu na mlango. Jumapili hii, baada ya matangazo, sisi tuliosema Amina usiku ule tutasimama mbele ya kanisa na kumwomba msamaha. Huenda yeye hatakumbuka ni kwa sababu gani. Mke wa mtoto wake anakumbuka, na wajukuu wanakumbuka. Tumemwalika pia yule jirani. Bado hajatujibu.