PICHA ILIYOWAUMBUA WAUZA WATU

Vijana wenzangu, asiwadanganye mtu kwamba utumwa ulizikwa na mababu! Aprili 2017 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilisema Waafrika wanauzwa Libya. Wakubwa wakasinzia. Novemba, televisheni ya CNN ikaonyesha picha: vijana wawili, wenye nguvu kama ninyi, wakinadiwa kama mbuzi kwa dinari 1,200. Kamera za kificho zikanasa mnada mwingine karibu na Tripoli. Hapo ndipo watu walipoandamana Paris, na Juni 2018 Baraza la Usalama likawawekea vikwazo watu 6. Kamera haikati minyororo, lakini inawanyang'anya wakubwa kisingizio cha “hatukujua”. Ukiupata ushahidi, utunze. Msitiri aliyeonewa, mwanike muuzaji!